Natafuta Jike

Katika Wamagana nzima, anayetamani samaki jike ni mimi peke yangu. Wengine wote wanaomba madume.

Wana sababu. Mwaka 2009 serikali ilileta mpango wa kufufua uchumi, na kila eneo bunge, kati ya 140 yaliyochaguliwa, likapangiwa mabwawa 200 ya samaki. Watu ambao babu zao hawakumgusa samaki, sembuse kumla, wakawa wanabishana juu ya tilapia kama wanavyobishana juu ya bonasi ya chai. Hapa kwetu hata kiwanda cha kusindika kikajengwa. Ndipo somo likaingia: tilapia dume hunenepa upesi, jike humaliza nguvu kwa kuzaa, na bwawa lenye wote wawili hujaa vidagaa ambavyo hata paka havimtoshi.

Mimi wangu wako sebuleni, kwenye tangi la kioo kando ya televisheni. Ni jamaa wa mbali wa tilapia, asili yao Ziwa Victoria na mto Nile. Urefu wao hauzidi kidole, na jina lao la kitaalamu, Pseudocrenilabrus multicolor, ni refu kuliko wao. Muuzaji mmoja wa Nairobi aliniuzia "mume na mke". Mume aling'aa buluu na dhahabu, na doa jekundu kwenye ncha ya pezi la chini, karibu na mkia. Mke alikuwa rangi ya matope, akashinda nyuma ya jiwe. Ndoa ikakosa matunda. Mama yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Cucu, akaanza kuuliza juu ya ndoa hiyo maswali ambayo mke wangu aliyatambua mara moja.

Nikamwita jirani mfugaji. Yeye tilapia humgeuza chali akahesabu matundu: dume mawili, jike matatu. Tilapia anajaa mkononi. Huyu wangu alimponyoka akatua kwenye kochi. Jirani akaazima miwani ya Cucu, akachungulia weee, kisha akanipa mkono.

"Hongera, Baba Wangari! Wote madume!"

Alifurahi kwa dhati, maskini. Kumbe dume mnyonge huficha rangi zake ili mkubwa asimpige. Tulipomhamishia yule mkubwa kwenye karai, haikuchukua muda "mke" akaanza kuvaa buluu, na doa jekundu likajitokeza.

Jike halisi alipatikana Karatina, akafika Julai, baridi ya gathano ikiwa imekaza na ukungu wa Aberdare umelala mlangoni. Usiku ule ule stima ikapotea na hita ikazima. Tukalifunika tangi kwa blanketi mbili. Mgeni wa chama aliyekuja asubuhi alidhani tumeficha televisheni mpya asiione, na sidhani ameamini maelezo yetu hadi leo.

Jike akapona baridi, akakubali mchumba, kisha mke wangu akaniita kwa sauti ya hospitali: "Baba Wangari, huyu ana matubwitubwi. Mashavu yamevimba na hali chakula." Cucu akapendekeza maji ya chumvi na maombi. Hakuwa mgonjwa. Jike wa aina hii akishataga huyaokota mayai yote, akayaatamia mdomoni siku kumi na zaidi bila kula. Baba hana kazi tena ila kumsumbua, kwa hiyo naye akaenda karai. Cucu alisema wanaume wa namna hiyo anawafahamu, akataja wawili kwa majina.

Vifaranga walipotoka, Cucu aliinama kuwahesabu. Kivuli chake kilipopita juu ya maji, wote wakakimbilia mdomoni mwa mama, na mama akafunga. "Amekula watoto wake!" Ukelele ule ulileta majirani, mmoja akiwa na panga. Tulisimama mbele ya tangi kimya, hadi mama alipowatema mmoja mmoja mbele ya mashahidi.

Watoto wamekomaa sasa. Jirani amerudi na ile miwani, na hesabu yake ni ile ile: wengi mno ni madume. Basi wewe unayepita Wamagana ukitafuta samaki dume wa kupamba sebule, bisha hodi, njoo na ndoo yako yenye mfuniko. Ni bure. Jike usiniulize.