Shangazi, Nimelipia Kulala na Usingizi Hauji

Wiki hii mfuko wa barua umejaa mchanga. Kiangazi kimeingia, shule zimefungwa, na watu wa Ngara na Biharamulo, waliozoea kuamka kabla ya jogoo, wamegundua kwamba huko ziwani kuna hoteli ambako mtu hulipa ili asifanye chochote. Matatizo yameanza hapo hapo.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, nina kahawa na migomba huku Rulenge. Likizo hii nilijikaza nikaenda Bukoba, nikachukua chumba kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Asubuhi nikajilaza kwenye kile kiti kirefu chini ya mwavuli kama wenzangu. Kufika saa nne nilikuwa nimeng'oa magugu yote ya bustani ya maua. Saa sita nikapanga viti kwa mstari. Mhudumu akadhani mimi ni kijana mpya wa kazi, akanituma nipeleke soda meza ya pili. Nikapeleka. Je, naumwa? (Mwalimu, Rulenge)*

Marahaba, Mwalimu. Huumwi. Wewe ni mkulima uliyewekwa mbele ya magugu, na hapo hata mimi ningeinama. Kesho geuza kiti, bustani uipe kisogo, uso uelekee majini, maana ziwa halipaliliwi. Kama kinachokukera ni dhamiri, sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, wala haisemi popote kwamba azimalizie shambani.

Usidhani pia kwamba ugonjwa huu ni wa Rulenge peke yake. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alipita pande hizo hizo zenu akitafuta chanzo cha Nile. Alipofika Usui, mtemi Suwarora alimkalisha mpaka ushuru wa njia ulipolipwa. Akasonga hadi Karagwe, na huko Mfalme Rumanika akampokea kwa heshima zote: kula, kupumzika, hata kwenda ziwani kwa mtumbwi. Mtu mwingine angeshukuru akalala. Speke akatoa utepe, akaanza kumpima shemeji yake mfalme unene wa mkono, wa kifua na wa paja, akaandika vipimo kitabuni na dunia nzima ikasoma. Mama yule alikuwa mmoja wa wanawake wa jumba la kifalme walionyweshwa maziwa mpaka kusimama kukawa shida, ingawa sina hakika kama kuna aliyewauliza iwapo wanataka. Mgeni asiyejua kutulia huishia kupima wake za watu, Mwalimu. Wewe umeishia kupeleka soda. Una nafuu kubwa.

*Shangazi, zamani Biharamulo tulikuwa na ziwa letu. Siku hizi hadi tupande basi twende mkoa wa watu. Naweza kuipeleka familia Ziwa Burigi, tukatandika mkeka, tukalala bure? (Mbana Matumizi, Biharamulo mjini)*

Pole kwa msiba wa ziwa. Lilianza kuwaponyoka pale Chato ilipomegwa ikawa wilaya, na mwaka 2012 Chato ikahamishiwa mkoa mpya wa Geita na mchanga wake. Burigi ni kuzuri kweli, sibishi. Ila tangu 2019 ziwa hilo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kwa hiyo utapita getini, utalipa kiingilio, na mkeka utautandika pale askari atakapokuonyesha. Halafu kuna viboko. Kiboko hushinda majini mchana kutwa bila haya, hutoka usiku kula majani, asubuhi anarudi kulala. Ndiye bingwa wa likizo katika mkoa mzima, na hapendi majirani. Lipa nauli uende Chato.

*Shangazi, niko foleni ya mpakani Rusumo, lori halisogei. Nimemtumia mke wangu picha nimejilaza mkekani chini ya trela. Anasema niko ufukweni na mtu. Nimweleze vipi aelewe? (Dereva)*

Picha umeniambatishia, asante. Nimehesabu miguu minne mkekani, na miwili ina hina. Mkeo ameelewa vizuri kuliko unavyotaka. Na usimwambie tena habari ya kukwama, kwani hapo Rusumo hata maji ya mto Kagera yamepangiwa kazi: yanazungusha mitambo ya megawati 80, umeme unagawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Aliyelala ni wewe peke yako. Samahani, ninyi wawili.

*Shangazi shikamoo. Baba watoto alitupeleka ziwani siku tatu, eti familia ipumzike. Alilipia chumba, chakula akasema cha hoteli ni ghali. Basi kutoka Ngara nilibeba mkungu wa ndizi, maharage, sufuria mbili na jiko la mkaa. Hoteli wakakataa tusipikie mchangani, nikapikia nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka, nikiongea na mlinzi. Ziwa nililiona nikienda kusuuza sufuria. Yeye alilala kwenye kiti siku zote tatu, jioni akaandika kwenye kundi la ukoo: "Tumepumzika sana." Desemba anataka turudi. (Mama Watoto, Ngara mjini)*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Wewe hukwenda likizo. Ulihamisha jiko. Nyumbani angalau una kinu chako, una jirani wa kukuazima chumvi na bomba unalolijua. Kule umepewa kazi zile zile pamoja na mchanga kwenye maharage. Na si mumeo tu. Nimepita kwenye fukwe hizo siku za sikukuu. Kina baba wamelala kifudifudi, kina mama wamechuchumaa na visu wakimenya ndizi, na watoto hakuna anayewaangalia. Hilo la watoto ni la kutisha kuliko mengine. Penye magugu na maji yaliyotulia hukaa konokono wanaoeneza kichocho, na kijidudu chake hupenya kwenye ngozi bila kubisha hodi. Kwa hiyo mtu mzima asiye na kisu mkononi ana kazi tayari: awakalie wanawe macho, wasichezee humo. Kazi hiyo haihitaji hata ainuke kwenye kiti, ilimradi afumbue macho.

Msomee baba watoto hukumu hii kwa sauti. Desemba jiko la mkaa linabaki Ngara. Akilia kwamba hoteli ni ghali, nendeni siku moja badala ya tatu, na pesa ya siku mbili zilizobaki iwanunulie wote sato wa kukaanga aliyepikwa na mtu mwingine, anayelipwa mshahara. Akikataa hilo nalo, mwanangu, panda basi la Bukoba na wanao. Yeye abaki na jiko.