Ufunguo wa Kituo Uko kwa Nani?

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Kidijitali,

Shukrani kwa cheti. Kimefika salama. Kina muhuri, kina bendera, kina jina langu likiwa limekosewa herufi moja tu, na kinasema mimi sasa ni mweledi wa kazi za mtandaoni. Mama amekitundika sebuleni, juu ya redio.

Usinione mgeni katika mambo haya. Niliingia darasa la kwanza Januari 2014, mwaka ule tulioahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa hilo. Mwalimu alituagiza tuje tumenawa mikono. Tulinawa. Mwaka 2016 zikaja tabuleti, nami nimeshafika darasa la tatu, kwa hiyo zikawa za wadogo zetu. Hao nao walizionea dirishani, kwani zilifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nyuma ya mlango wa chuma uliochomelewa kwa ajili hiyo. Hilo ndilo somo langu la kwanza la usalama wa data, na mpaka leo hakuna mdukuzi aliyeupita mlango ule. Mwaka jana, 2025, nilimaliza kidato cha nne. Mikono bado safi.

Kati ya vile vituo vya kidijitali 1,450 mlivyotuahidi mwaka 2022, kimoja kwa kila wadi, sisi tulibahatika kupata chetu. Mafunzo yalikuwa ya siku 5. Siku ya kwanza ilikwenda kwa hotuba, ya mwisho kwa picha. Hizo za katikati tulijifunza kuwasha kompyuta, watu sita kwa kipanya kimoja. Projekta ilipomshinda mkufunzi, nikaiunganisha mimi. Nadhani hapo ndipo nilipohitimu.

Kazi je? Tuliambiwa soko letu ni dunia nzima, na si uongo. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa kila namna ili ChatGPT ifunzwe adabu. Mashine hiyo, naamini, ilifunzwa kwa zaidi ya siku 5. Na kijana akijipatia chochote kwa video zake, hakosi wa kumkumbuka: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa maudhui ya kidijitali. Hiyo ilitufikia bila hata kukatiwa utepe.

Lakini nisiwe mtovu wa shukrani. Ipo kazi moja mliyotuumbia, nayo ni ya uhakika. Siku hizi karibu kila huduma ya serikali iko mtandaoni. Mzee akitaka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, anadaiwa nywila, halafu tarakimu zilizotumwa kwenye laini aliyoitupa zamani, halafu picha ambayo tovuti inaikataa kwa kuwa ni nzito. Anaishia kwenye saiba ya sokoni, ninapomsaidia mwenye duka. Fomu ni shilingi 50, marejesho ya kodi ni 100, kubembelezwa ni bure. Ujuzi wangu wote nimeupata pale kwa kuharibu fomu za watu (aliyeumia zaidi ni padri wetu, naye bado ananisalimia). Kwa sababu ya zile picha nzito nikajifunza kuandika programu ndogo ya kuzipunguza, usiku, kwa bando la shilingi 20. Ndiyo programu yangu ya kwanza. Chonde chonde, msiirekebishe tovuti. Tutalala njaa.

Ombi langu ni dogo. Kompyuta za kituo hazijawashwa tangu siku ya picha. Nyingine bado zimevaa nailoni. Mlinzi anasema ufunguo uko kwa msimamizi, na msimamizi yuko Mombasa, hotelini, kwenye warsha ya wiki mbili kuhusu namna ya kuwafikishia vijana ujuzi wa kidijitali. Akirudi, mwambieni nipo sokoni. Fomu yake ya marupurupu nitamjazia kwa 50 tu.

Wako mtiifu,
Mhitimu wa siku 5