Risala ya Kuisifu Stika

Stika, yaani kipande kidogo cha karatasi chenye picha upande mmoja na gundi upande wa pili, haijapata kuandikiwa sifa inazostahili, na hata wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao huikumbuka pale tu askari wa usalama barabarani anapoinamia kioo cha gari kuitafuta, huenda wakashangaa kusikia kwamba iko nchi ambako karatasi hiyo inaendesha elimu. Nchi hiyo ni Korea Kusini, na mahali penyewe ni hagwon, jina ambalo Wakorea huziita shule za binafsi za masomo ya ziada, zile ambazo Mtanzania au Mkenya angeziita tuisheni, isipokuwa kwamba hizi zina jengo, basi dogo la njano la kukusanyia watoto, mkurugenzi anayeitwa wonjangnim kwa heshima zote, na mara nyingi mwalimu mmoja au wawili wa kigeni walioletwa kutoka mbali ili wafundishe Kiingereza. Hudhaniwa kwamba anayefundisha ni mgeni huyo. Uchunguzi wa haki unaonyesha kuwa kazi kubwa hufanywa na stika, na kwamba mgeni ameajiriwa hasa ili apatikane mtu wa kuibandua.

Tofauti ya hadhi kati ya wawili hao inajitokeza tangu mpakani. Mwalimu wa hagwon kwa kawaida huingia kwa viza ya E-2, ambayo ni aina iliyotengwa kwa walimu wa lugha, na ili aipate hana budi kuwa raia wa mojawapo ya nchi saba, ambazo ni Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, awe na shahada ya chuo kikuu, alete cheti cha polisi kinachothibitisha kuwa hana rekodi ya jinai, kisha apimwe afya pamoja na dawa za kulevya. Masharti hayo humwacha nje Mganda au Mkenya aliyesomea fizikia, historia na hata kilimo kwa Kiingereza tangu utotoni, lakini stika haijawahi kuulizwa imezaliwa wapi wala imesoma mpaka darasa la ngapi. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi mwalimu mwenyewe aliingia nchini kwa hisani ya stika, kwa sababu balozi za Korea zilikuwa zikiibandika viza kwenye pasipoti mpaka mwaka 2020, zilipoanza kutoa karatasi ya taarifa peke yake, uamuzi ambao mpenzi wa stika anaruhusiwa kuuona kuwa ni utovu wa shukrani.

Historia nayo inatoa ushahidi. Mwaka 1886 Mfalme Gojong alifungua Yugyeong Gongwon, shule ya kifalme ya kuwafundisha vijana wa tabaka la watawala Kiingereza na elimu ya Kimagharibi, akawaita Wamarekani watatu, mmojawapo akiwa Homer Hulbert, lakini shule hiyo haikudumu, ikafungwa mwaka 1894. Wanahistoria wana maelezo yao. Risala hii inaona inatosha kusema kwamba shule ile haikuwa na stika. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 jukumu la kutuliza madarasa ya Korea lilikuwa la sarang-ui mae, maana yake fimbo ya upendo, jina ambalo bila shaka lilimliwaza mwenye kuishika kuliko mwenye kuipokea, na mwaka 2010 mamlaka ya elimu ya Seoul ilipopiga marufuku viboko shuleni, kiti kilichoachwa wazi hakikukaa bila mrithi. Mrithi huyo alikuwa na picha ya Pororo, yaani yule pengwini wa katuni aliyevaa miwani ya rubani, ambaye watu wazima wa huko humwita kwa mzaha rais wa watoto.

Hata hivyo sifa kubwa ya stika haimo katika utawala bali katika ufasaha, kwani ndiyo alama pekee ambayo mwalimu mgeni anaweza kuiweka kwenye daftari bila kuzua msiba. Mwalimu aliyelelewa Cape Town au Toronto, kama yule wa Morogoro, huweka alama ya vema kwenye jibu sahihi, huku mtoto wa Korea akiwa amezoea kwamba jibu sahihi huzungushiwa duara na lililokosewa hupigwa mstari au mkwaju wa namna ile ile ya vema. Kwa hiyo binti mdogo aliyepata maswali yote hurudishiwa ukurasa uliojaa alama ambazo, kwa macho yake, zinatangaza kwamba hakupata hata moja, na kabla mwalimu hajaelewa kilichotokea, machozi yameshalowesha karatasi. Mwalimu huyo huyo, akitaka kufidia, huchukua kalamu nyekundu na kuandika jina la binti juu kabisa ya ubao wa heshima, na darasa zima hubana pumzi kwa hofu, kwa kuwa katika desturi ya Kikorea jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu, rangi inayohusishwa na kifo. Kwa dakika kumi mgeni amemfelisha mtoto na kumzika. Stika ya nyota, ikibandikwa pembeni mwa ukurasa, huyafuta yote mawili, maana haina lahaja, haina itikadi, na haiwezi kusomwa kinyume.

Namna inavyohifadhiwa inastahili maelezo ya kina. Watoto wengi hupewa karatasi yenye picha ya kichala cha zabibu ambacho punje zake ni viduara vitupu, na kila anayejibu vizuri, au anayekaa kimya kwa muda unaomshangaza mwalimu, hubandika stika ya zambarau juu ya punje moja, ambayo huitwa podoal, mpaka kichala kiive na kugeuzwa kuwa zawadi. Mtoto wa miaka minane huibandika punje hiyo kwa uangalifu wa fundi saa: huipangusa kwanza karatasi kwa kiwiko, huishika stika kwa ncha za kucha ili vidole vilivyotoka kula tteokbokki, yaani vipande vya unga wa mchele katika mchuzi mzito wa pilipili, visije vikaipaka rangi, huishusha polepole mpaka ukingo ukutane na ukingo, na ikipinda huibandua na kuanza upya huku foleni ya wenzake ikinung'unika nyuma yake. Mtu anayetafuta hali hiyo ya ibada katika zoezi la kitenzi cha wakati uliopita atatafuta sana.

Palipo na hazina hapakosi uchumi. Hagwon nyingi huwa na siku ya gulio, ambapo stika au noti za kuchezea zilizokusanywa kwa miezi hubadilishwa kwa kalamu, vifutio, soksi na peremende, na hapo ndipo watoto wanapoonyesha umahiri ambao kitabu cha Kiingereza hakikuwahi kuuamsha: wapo wanaokopeshana kwa riba, wapo wanaokusanya bila kutumia kama bahili wa hadithini, na migogoro yote ya umiliki hukatwa kwa gawi bawi bo, mchezo wa mkono wa mkasi, jiwe na karatasi, ambao hukumu yake haikatiwi rufaa. Kwa bahati mbaya munbanggu, lile duka dogo la vifaa vya shule lililo karibu na lango, huuza stika zile zile kwa sarafu chache, na mwalimu huja kugundua kwamba vichala vinaiva kwa kasi isiyolingana na idadi ya majibu sahihi. Hulazimika basi kutia saini ndogo juu ya kila stika, akifanya kwa kalamu kazi ambayo benki kuu huifanya kwa uzi wa fedha ndani ya noti. Wapo wanaoona aibu katika jambo hilo. Ukweli ni kwamba hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani, na hadi leo hakuna mtoto aliyekamatwa akighushi ripoti ya kitabu alichosoma kwa furaha.

Thamani hiyo ina sababu yake, na sababu hiyo si ya mzaha. Mtoto anayeshuka kwenye basi la njano ametoka shuleni, huenda amepitia piano, taekwondo na hesabu, na mbele yake uko mtihani wa Suneung, ule wa kuingilia chuo kikuu unaofanyika kila Novemba, ambao sehemu yake ya Kiingereza ina maswali 45, na wakati wa maswali 17 ya kusikiliza ndege huzuiwa kuruka na kutua nchi nzima ili mngurumo usiwapotezee watahiniwa neno. Kwa mtoto wa miaka minane siku hiyo iko mbali miaka kumi. Wazazi wake wanaiona karibu, na mwaka 2024 familia za Korea zilitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya binafsi, yaliyohudhuriwa mwaka huo na takriban asilimia 80 ya wanafunzi. Serikali ya Chun Doo-hwan ilijaribu kuyapiga marufuku mwaka 1980, Mahakama ya Katiba ikasema mwaka 2000 kwamba marufuku hiyo inavunja katiba, na mji wa Seoul umefanikiwa tu kuziamuru hagwon zifunge saa nne usiku. Kati ya wote wanaomwahidi mtoto huyo jambo, yaani mama, mkurugenzi, wizara na chuo kikuu, stika peke yake hulipa siku ile ile.

Washtaki wake hawakosi. Husema kwamba stika inamzoesha mtoto kufanya kazi kwa ajili ya malipo, na husahau kuwa mwalimu mwenyewe anangojea toejikgeum, kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja ambacho sheria ya Korea humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka, na huhesabu miezi iliyobaki kwa umakini usiopungua ule wa mwenye zabibu. Husema pia kwamba ni pambo tu, sura ya kuvutia iliyobandikwa ili wazazi waridhike, lakini shtaka hilo lina hatari, kwa kuwa ziko hagwon zinazoitundika picha ya mwalimu mgeni kwenye bango la mlangoni kwa nia hiyo hiyo, na mwenye busara miongoni mwa walimu hatakubali kuitwa kutoa ushahidi. Ama lile la kwamba stika huonekana mahali pasipostahili, kama vile mgongoni mwa shati la mwalimu anapoingia benki jioni, hilo linathibitisha ukarimu wa watoto, ambao wamempa bila kudai jibu sahihi.

Mkataba wa mwalimu huwa wa mwaka mmoja, na wengi huondoka ukiisha, ila karatasi za zabibu hubaki ukutani zikimngoja mrithi. Anapofika, akiwa bado na usingizi wa safari na hajui hata swichi ya kiyoyozi iko wapi, watoto ambao kwa miezi kumi na miwili walikuwa wakijibu kwa neno moja humzunguka na kumweleza, kwa sentensi ndefu za Kiingereza zisizo na kosa hata moja la kitenzi cha wakati uliopita, kwamba mwalimu aliyetangulia alikuwa akilipa stika tatu kwa kila jibu.