Taya Langu na Washauri Wake

Ukivunjika mguu, dunia inakuheshimu. Konda wa daladala anawafokea vijana wakupishe kiti, shangazi anatuma kuku, na hata mwenye nyumba anaona haya kuulizia kodi. Sasa jaribu kuumwa taya. Huna hogo, huna magongo, uso mzima unaonekana umenuna tu, na watu wanakuuliza mmegombana nini na mkeo.

Langu linauma upande wa kulia, mbele kidogo ya sikio. Nikifungua kinywa linalia "ka!", nikifunga linalia tena, na anayekula mkabala nami anasikia. Nikipiga mwayo lazima nikishike kidevu kwa mkono lisije likaenda lisirudi. Kwa kuwa maumivu yanakaa jirani na sikio, kijana wa duka la dawa aliniuzia matone ya sikio kabla sijamaliza kujieleza. Jirani yangu Mama Salma akayakataa hayo matone. Akasema ni jino, tena gego la mwisho, kwani ana ndugu yake aling'olewa akapona. Nikamuuliza, huyo ndugu alikuwa anaumwa taya? Hapana, alikuwa anaumwa jino. Mzee mmoja pale barazani akaniambia nitafune miwa ili kiungo kilainike. Mwingine akasema bigijii. Mtaa mzima una ushauri, na ushauri wote unataka nitafune.

Daktari wa meno, ambaye angalau alisomea jambo hili, alipiga picha akakuta meno mazima. Akaniuliza kama nasaga meno usiku. Nitajuaje, wakati huo nimelala? Mke wangu, ambaye hakuulizwa, akajibu kwamba kwa miaka yote ya ndoa yetu amelala jirani na mashine ya kukoboa. Basi nikaandikiwa kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno nikilala. Nilipotajiwa bei yake, taya lilifunguka lenyewe.

Ndipo shemeji yangu, mtu wa kujua watu, akanielekeza kwa mama mmoja mtaalamu wa osteopathia aliyesomea Uingereza. Mimi huwa sitoi pesa kabla sijajua ukoo wa jambo, hivyo nikasoma. Mwasisi ni Andrew Taylor Still, daktari wa Kimarekani aliyefiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, akakosa imani na dawa za zama zake. Mwaka 1874 akatangaza njia yake ya kutibu kwa kushughulikia mifupa, misuli na viungo, na mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri. Leo Marekani wanaohitimu osteopathia ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Uingereza ni wataalamu wa kutibu kwa mikono, wana sheria yao ya mwaka 1993. Huyu wangu ni wa mikono.

Nilimpelekea taya, akaanza na shingo. Nikamkumbusha kwamba taya liko juu zaidi. Akaniambia nikae kama ninavyokaa kazini, nikakaa: kichwa mbele, bega juu, simu imebanwa sikioni. Akaguna. Kisha akavaa glavu, akaingiza kidole ndani ya shavu langu, akaubana msuli wa kutafunia kati ya kidole na dole gumba. Machozi yalinitoka mbele ya mwanamke nisiyemjua. "Hapa ndipo penyewe," akasema, kwa furaha ya fundi bomba aliyeona panapovuja.

Akanieleza kuwa kati ya mfupa wa taya na fuvu kuna kisahani cha gegedu, na ukifungua kinywa kinatakiwa kiteleze mbele pamoja na mfupa. Kikihama njia, mfupa unakirukia kukidaka, na huo ndio mlio wangu. Mlio usiouma hauhitaji tiba yoyote. Akanitaka nipachike vidole vyangu vitatu, vimepangwa wima, kati ya meno ya juu na ya chini. Viliingia viwili.

Kukandwa kule kulinisaidia, sitamnyima haki yake. Lakini alipokishika kichwa changu kimya akidai anausikiliza mwendo wa mifupa ya fuvu, subira iliniisha. Hilo lilitoka kwa William Garner Sutherland, mhitimu wa chuo cha Still, na utafiti haujalithibitisha. Fuvu langu halina pa kwenda.

Kilichoniuma zaidi ya kidole ni agizo la mwisho, kwa sababu lilikuwa la bure na nilikuwa nimeshalipa: liache lipumzike. Uji, mtori, wali laini. Kitambaa cha maji ya moto shavuni. Midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi ulale juu kwenye kaakaa. Wengi hupata nafuu hivyo bila kisu. Pale barazani, pamoja na wingi wa mabingwa wetu, hakuna aliyewahi kusema "usifanye kitu".

Jumamosi kulikuwa na harusi. Kuku wa kienyeji, umri wake sawa na wa bibi harusi, akapita mbele yangu kwenye sinia. Nikaomba mtori. Mama mkwe akanong'ona kwa sauti kwamba siku hizi naringa.

Nisiwatanie kwa yote. Taya likifunguka likakataa kufunga, au likiuma huku kifua kinabana na jasho linakutoka, usije kwangu wala kwa Mama Salma; nenda hospitali saa hiyo hiyo, maana maumivu ya moyo hupanda mpaka tayani. Nyie wengine, mnaosoma hapa huku mmeyauma meno kwa ajili ya bei ya mafuta, yaachanisheni. Na anayechoma mahindi chini ya dirisha langu kila jioni, namwomba kistaarabu ahamie upande wa pili wa barabara.