Himalayan Njia ya Loiyangalani

Jumatatu, Isiolo. Nimejaza tangi, lita 15. Kijana wa petroli aliuliza pikipiki hii ya cc 411 inakimbia ngapi. Nikamwambia ikifika 110 sina haja ya kuidai zaidi. Ni Royal Enfield Himalayan, silinda moja, nguvu za farasi 24 na ushei. "Mzee, na ukubwa wote huu?" Mafuta yakafurika yakaingia kwenye begi la mkate. Mkate nimeutupa.

Jumanne, Laisamis. Hapa tunaiacha lami. Barabara ina matuta madogo yanayofuatana, na mtikisiko umeng'oa skrubu za kibao cha namba. Nimekifunga kwa waya. Lakini hapa ndipo farasi 24 zinapotosha: msukumo wote, 32 Nm, unapatikana kwenye mizunguko 4,000 hadi 4,500 tu. Unapanda mawe kwa gia ya pili, polepole, injini haizimiki. Gurudumu la mbele la inchi 21 linapita juu ya mawe, halijikwai.

Jumatano, South Horr. Pancha ya nyuma, mwiba wa mgunga. Magurudumu ni ya spoku, kwa hiyo ndani mna tyubu. Hakuna njia ya mkato, lazima tairi litoke. Fundi wa bodaboda aliukuta mwiba kwa kupitisha kitambaa ndani ya tairi, pole pole, mpaka kikanasa. Akasugua tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akapuliza, akasubiri ikauke ndipo akabandika kiraka. Kazi safi kabisa. "Shukuru ni nyuma, mzee. Tyubu ya inchi 21 hapa huipati." Tyubu za bodaboda ni za 17 na 18.

Alhamisi, Sarima. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikuwekwa hapa bure. Nilisimama kunywa maji, upepo ukaisukuma pikipiki kutoka kushoto, ikalala upande wa kulia. Mkono wa breki umepinda. Tangi ni zima, kwa sababu vyuma vya pembeni ndivyo vilivyopokea kishindo. Ni karibu kilo 200, mbali na mizigo. Nilifungua mabegi yote, nikaegemeza makalio kwenye kiti, nikasukuma kwa miguu. Iliinuka jaribio la tatu, na maji yalikuwa yamemwagika.

Ijumaa, Loiyangalani. Mkono wa breki umenyooshwa kwa koleo, unafanya kazi. Himalayan mpya ya cc 452 ina farasi 40, na kwa lami ndefu ningeichukua hiyo bila kufikiri. Ila uzito ni ule ule, na huku anayesafiri peke yake huumizwa na uzito, si uhaba wa farasi. Ukija, punguza mizigo, ubebe pampu na tyubu mbili: ya inchi 21 na ya inchi 17.