Sanduku la Wanaume

Bibi yangu aliolewa mara moja, akafa mjane mwenye heshima zake, lakini sanduku aliloacha limejaa wanaume. Anayeijua Zambia ataelewa. Kampeni zikianza, magari ya vyama hufika kwetu Nchelenge yamebeba marobota ya vitenge vyenye nyuso za wagombea, na kina mama zetu hawamkatishi mtu tamaa. Kuna saa ya MMD, waliomtoa Rais Kaunda mwaka 1991. Kuna mtumbwi wa PF, walioingia Ikulu mwaka 2011. Kuna mkono wa UPND, waliowatoa hao wa mtumbwi mwaka 2021. Wote wamelaliana sandukuni kwa amani ambayo Bunge la Lusaka halijawahi kuionja. Chini kabisa yuko Papa Yohane Paulo wa Pili, ukumbusho wa ziara yake ya Mei 1989. Bibi hakwenda Kitwe wala Lusaka kumwona. Alingoja Kashikishi hadi kitenge kikamfikia.

Wazo la blanketi la viraka lilinijia uvuvi ulipofungwa. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari samaki wa Ziwa Mweru wanalindwa na serikali, na mvuvi asiye na kazi hulindwa na nani dhidi ya mawazo yake? Nikamwambia Mama nitamshonea blanketi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa vitenge vya Bibi, awe anajifunika mama yake. Mama akatokwa na machozi, akanibariki, kisha akaanza masharti.

Papa asikatwe. Rais aliyeko madarakani naye asikatwe, majirani wataona. Walioshindwa je? Hao ndio wasiguswe kabisa, maana kesho watarudi. Na uso wa mtu yeyote usikae upande wa miguu.

"Sasa nikate wapi, Mama?"

"Kata pembeni, baba. Pembeni hakuna mtu."

Mama mdogo akaja kukagua kazi. Akageuza kitambaa, akavuta uzi, akauliza kama nakusudia kumfunika dada yake au kumvua. Eti mshono ni wa nyavu. Ulitaka uwe wa nini? Uzi wa nailoni ndio ninaoujua, umewashikilia samaki waitwao pale, wenye miba migongoni, sembuse mwanamke mmoja aliyelala. Akasema kuna mafundi wa cherehani sokoni. Wapo, na wanadai malipo kabla ya kazi.

Lakini kuhusu pembe Mama alijua anachosema. Bibi aliuza chisense, vile vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, na benki yake ilikuwa kiunoni. Noti inakunjwa, inaviringishwa kwenye pembe ya kitenge, linapigwa fundo, fundo linachomekwa. Ndiyo maana kila kitenge kina pembe tatu nzima na moja iliyochakaa: rangi imekwenda, nyuzi zimelegea, na mikunjo haitoki hata ukipiga pasi ya mkaa. Mama anaishika pembe hiyo kwa kidole gumba bila kutazama picha ya mtu. Hii ya mwaka niliponunuliwa viatu vya shule. Hii ya mwaka Babu alipolazwa. Mimi nilikuwa nikipanga kwa vyama, yeye akavichanganya vyote, akapanga upya kwa madeni.

Fundo moja lilikuwa bado limefungwa. Ndani mlikuwa na noti ya kwacha 50,000. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kununua kichwani mwangu nyavu mpya. Lakini tangu sufuri tatu zikatwe mwaka 2013, hiyo ingekuwa kwacha hamsini, na duka gani leo litaipokea? Mama akaniambia niishonee humohumo, fundo lisifunguliwe tena. Sindano ikavunjika hapo. Nikaambiwa Bibi naye alikuwa mgumu kutoa hela.

Blanketi limekwisha, Papa amebaki mzima, na wanasiasa wamerudi sandukuni bila pembe. Sasa mama mkubwa, aliyeolewa Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Congo, amepata habari, maana boti za wafanyabiashara hubeba umbea kabla ya mizigo. Ametuma ujumbe: na yeye ni mtoto wa marehemu, anataka lake, ila lisinuke samaki. Nimemjibu kwamba harufu ya chisense haitoki kwa sabuni ya upande wetu. Kama Congo wana sabuni kali zaidi, atume na uzi.