Sifa za Mgongaji wa Alfajiri

Wengi husifu mngurumo wa gari la spoti likiwa limeshika barabara. Mimi namsifu anayetangulia: Mgongaji, yule mwenye ko-ko-ko ya injini baridi chini ya boneti ya gari la MGB la mwaka 1972, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mtaa wa London ambao majirani hawajuani hata majina. Nani mwingine hapa mjini awapigiaye hodi watu wote kwa mpigo, bila kujali dini wala kipato? Pazia la nyumba namba saba na la namba tisa hufunguka pamoja. Diwani hajawahi kulifanikisha hilo.

Tena ni mkweli. Gari jipya likiugua huwasha taa ya njano, likanyamaza mpaka kompyuta ya gereji ilisemee, na ada ya kompyuta hiyo si mchezo. Mgongaji hujisemea mwenyewe. Fundi wa chini ya matao ya reli pale Bethnal Green humsikiliza kwa bisibisi ndefu tu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kayafumba. Tiki-tiki nyepesi ya juu ni tapeti zilizolegea. Hurekebishwa kwa bamba la kupimia la inchi 0.015. Mkwaruzo wa chuma ufunguo unapozungushwa ni meno ya stata yanagombana na ya flaiwili. Na ile tak-tak inayosikika kabla hata hujapiga stata ni pampu ya petroli ya SU, huko nyuma, inajaza kabureta, zikijaa inatulia. Huo si ugonjwa.

Lakini ko-ko-ko nzito ya chini, inayokoma mara sindano ya geji ya oili inapopanda, ndiyo yenye nasaba. Katika baadhi ya MGB, zilizoundwa Abingdon kati ya 1962 na 1980, filta ya oili imefungwa mdomo ukitazama chini. Usiku oili huteremka yote kurudi kwenye sampu. Asubuhi pampu ya oili haina budi kuijaza filta kwanza, huku kranki ikizunguka juu ya beringi zinazongoja zamu yao. Ni sekunde chache, ila zimewarudisha wengi kwenye dua.

Hata wakubwa wa jiji wamemheshimu. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 London nzima imo ndani ya ukanda wa kudhibiti moshi, na gari lisilofikia kiwango hulipa pauni 12.50 kwa siku. Dizeli ya 2010, tulivu na yenye adabu zake, inalipa. Mzee wa 1972, kwa kuwa amepita miaka 40 na kusajiliwa kama gari la kihistoria, anapita bure huku akitetemesha vioo vya watu.

Wasiompenda wamevua sampu na kubadilisha beringi ambazo hazikuwa na kosa. Dawa yenyewe inaudhi kwa udogo wake: filta nzuri, yenye vali ya mpira ndani, ya kuzuia oili isirudi. Ukiifunga, kesho yake mtaa unalala hadi saa mbili.

Ila akiendelea kugonga injini ikishapata moto, na geji imelala, huyo si Mgongaji wangu. Zima, ita gari la kuvuta.